Shule ndogo ya mbali: Je, mwili wa mtoto unaimudu safari?

KILA mwaka unapokaribia kwisha, wazazi wengi wa mijini huanza kuulizana swali moja: Je, tumhamishe mtoto? Jirani ametaja shule fulani ndogo ya kibinafsi huko Karen, au Runda, au kando ya barabara ya Kiambu, ambako darasa zima lina watoto kumi na watano na mwalimu anamjua kila mmoja wao mpaka jina analoitwa nyumbani. Karo ni ya juu, lakini yaweza kupatikana kwa kujinyima. Lililobaki ni umbali tu. "Basi la shule litamchukua mlangoni," wazazi huambiana, na hapo mjadala hufungwa.

Makala ya wiki hii yanahusu hilo neno "tu". Mimi si mwalimu, na sitamwambia msomaji ni shule ipi inayofundisha hesabu vyema zaidi. Hata hivyo, kila muhula huletewa watoto ambao chanzo cha maradhi yao, ukikichunguza kwa makini, kimo ndani ya ratiba ya basi. Huletwa kwa sababu ya kuumwa na kichwa, kutapika asubuhi, kufunga choo, kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miaka miwili, au kwa sababu mwalimu amelalamika kwamba mtoto hatulii. Wazazi wenyewe ni watu wenye bidii. Mara nyingi huja na bahasha iliyojaa majibu ya vipimo vya malaria na homa ya matumbo, ambavyo vyote havikuonyesha kitu.

Darasa dogo lina faida

Kwanza tuwe wa haki. Wazazi wanaotafuta darasa dogo hawatafuti sifa. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, watoto wengi walipata nafasi ambayo hawangeipata, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini katika mitaa yenye watu wengi madarasa yalifurika. Mzazi anayemwona mwanawe akibanwa kwenye dawati moja na wenzake wengi ana haki ya kuwaza.

Uchunguzi unaotajwa sana kuhusu jambo hili ulifanywa katika jimbo la Tennessee, Marekani, kati ya mwaka 1985 na 1989. Watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi waliwekwa katika madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya watoto 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vyema zaidi katika kusoma na hesabu, na waliofaidika zaidi ni watoto wa familia zisizo na uwezo. Kwa hivyo asije mtu akakuambia kwamba udogo wa darasa ni urembo tu.

Lakini tazama namna walivyogawanywa. Waligawanywa ndani ya shule zile zile walizokuwa wakisoma. Hakuna aliyeamshwa usiku ili akalifuate darasa dogo upande wa pili wa jiji. Faida iliyopimwa ni ya darasa dogo bila safari. Mzazi wa Kitengela au Juja anayempeleka mtoto wake Karen ananunua kitu tofauti, yaani darasa dogo pamoja na safari, na hiyo safari ina gharama yake ambayo hailipwi benki.

Hesabu za usingizi

Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kwa walio wadogo zaidi, wa miaka 3 na 4, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 saa 10 hadi 13, tukihesabu na usingizi wa mchana.

Sasa tuchukue kalamu. Mtoto wa Gredi ya 2 anaishi Kitengela na basi linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ili aoge, avae na anywe chai, lazima aamshwe saa kumi na moja kasorobo. Masomo katika shule za kutwa, kwa mujibu wa Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, huwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha kuna michezo mpaka saa kumi na moja kasorobo. Basi likiondoka wakati huo, na msongamano wa Mombasa Road ukiwa wa kawaida, mtoto atafika nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni. Ale, aoge, afanye kazi aliyopewa na mwalimu, amngoje mama anayefika saa mbili usiku kwa sababu hajamwona tangu alfajiri. Analala saa tatu na nusu.

Amelala saa saba na robo. Amekosa saa moja na dakika 45 chini ya kiwango kidogo kabisa anachohitaji. Zidisha mara tano, kuanzia usiku wa Jumapili hadi wa Alhamisi, upate karibu saa tisa. Kufikia Ijumaa asubuhi mtoto huyo ni kama ambaye amekesha usiku mmoja mzima, na kazi hiyo hiyo inamngoja Jumatatu. Ili alale kiwango kile kidogo cha saa 9, angepaswa kuwa kitandani saa mbili kasorobo usiku, kabla mama hajaingia mlangoni.

Usingizi wa mtoto hauwi mapumziko peke yake. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito wa saa za mwanzo za usiku. Ubongo nao hutumia usiku kupanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana, kwa hiyo mtoto anayefundishwa vizuri sana halafu akanyimwa usingizi ni kama anayeteka maji kwa ndoo inayovuja. Kinga ya mwili pia hupungua, na mafua yasiyokwisha huanza.

Jambo linalowapotosha wazazi wengi ni kwamba mtoto mwenye upungufu wa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi hufanya kinyume. Huwa mtukutu, hulia kwa jambo dogo, hukosa utulivu darasani na hupigana na wenzake. Nimeletewa watoto ili niwapime kama wana tatizo la kushindwa kumakinika, nami nikaanza kwa kuuliza wanaamka saa ngapi. Dalili moja rahisi ya kujipimia nyumbani ni hii: mwache mtoto alale Jumamosi bila kumwamsha. Akipitisha zaidi ya saa mbili baada ya wakati wake wa siku za shule, ana deni.

"Lakini hulala ndani ya basi," huniambia wazazi. Ni kweli hulala, shingo ikiwa imepinda, akishtuliwa kila basi linaposimama. Usingizi wa vipande hausaidii kama ule wa kitandani, ingawa ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Saa 15 kwa wiki

Safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi ni saa 15 kwa wiki. Mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa vipindi 31 vya nusu saa kwa wiki, yaani saa 15 na nusu. Kwa maneno mengine, mtoto huyu anakaa kwenye kiti cha basi karibu sawa na anavyokaa mbele ya mwalimu. Tukichukua wiki 36 za shule kwa mwaka, anasafiri saa 540, ambazo ni zaidi ya siku 22, mchana na usiku, mfululizo.

Saa hizo zimetolewa mahali. Zimetolewa katika usingizi kama tulivyoona, na katika mchezo wa nje wakati jua lingali linawaka. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, la macho. Mtoto asiyekaa nje kwenye mwanga wa mchana yumo katika hatari zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali. Katika mji wa Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 tu za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kama ilivyotangazwa mwaka 2015, asilimia 30 kati yao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya wale ambao hawakuongezewa. Mtoto wa Nairobi anayeshuka kwenye basi giza likiingia amekosa saa za kucheza kati na kuruka kamba hapo mtaani, na pengine hata hawafahamu majirani wa rika lake.

Kibofu na choo, mambo yasiyosemwa

Hakuna mzazi anayemuuliza mwalimu mkuu kuhusu mkojo siku anapokwenda kutazama shule. Ningependa wawe wakiuliza.

Kibofu cha mtoto ni kidogo. Madaktari hukadiria ujazo wake kwa kujumlisha moja kwenye umri wake na kuzidisha kwa mililita 30. Mtoto wa miaka sita basi ana mililita 210 hivi, kama kikombe kimoja cha chai. Mpe chai ya maziwa saa kumi na moja alfajiri, umpandishe basi, halafu basi likwame pale Mlolongo. Mtoto atafanya nini? Wapo wanaojikojolea na kuchekwa na wenzao. Wengi hujifunza mbinu mbili: kubana na kutokunywa. Nimewauliza watoto hawa wenyewe, mama zao wakiwa wameketi kando, nao hunijibu bila kusita kwamba chupa ya maji huirudisha nyumbani ikiwa imejaa kwa sababu ya safari ya jioni.

Mtoto anayebana mkojo kila siku huzoeza misuli kufanya kazi vibaya. Kibofu hakimwagi mkojo wote, na ule unaobaki ni mahali pazuri pa viini kuzaliana. Wasichana, ambao njia yao ya mkojo ni fupi, huathirika zaidi. Akilalamika kwamba anahisi moto akikojoa, ana homa isiyoeleweka, au mkojo unanuka vibaya, apimwe mkojo, asipewe tembe za malaria kwa kubahatisha.

Choo kikubwa nacho kina wakati wake. Utumbo mkubwa huamka baada ya chakula, hasa cha asubuhi. Nusu saa baada ya kifungua kinywa ndio wakati ambao mtoto angeenda haja bila shida, lakini wakati huo yumo barabarani. Akifika shuleni kengele inalia. Haja hiyo hupita, kinyesi hukauka na kuwa kigumu, siku ya tatu inamuuma, na kwa kuwa inamuuma anaogopa kwenda. Kinyesi kilichojaa hukandamiza kibofu, na hapo ndipo wazazi hushangaa mtoto wa miaka saba ameanza kukojoa kitandani upya. Kumchapa kwa jambo hilo ni kumwonea.

Chai ya alfajiri na chakula cha flaski

Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja kasorobo hana hamu ya kula. Tumbo lake bado limelala. Humlazimishi kula uji mzima bila kumwona akiutapika kwenye barabara ya mchepuko ya kusini. Kutapika safarini, kwa njia, huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, kwa kuwa sikio la ndani linaueleza ubongo kwamba mwili unakwenda, huku macho yaliyoinamia kitabu au simu yanasema umetulia. Dawa ya kwanza ni kumketisha mbele, atazame barabara, dirisha lifunguliwe kidogo, asisome. Vidonge vya kuzuia kutapika vingi husababisha usingizi, na vingine havifai kabisa kwa watoto wadogo. Visitolewe kila siku ya shule.

Mimi hupendekeza vifungua kinywa viwili. Cha nyumbani kiwe kidogo na kikavu: kipande cha kiazi kitamu, ndizi au chapati. Cha pili akile akifika shuleni, kabla ya kipindi cha kwanza. Shule inayojiita ndogo na yenye upendo haiwezi kukosa dakika 15 za jambo hilo.

Kuhusu chakula cha mchana, viini huzaliana kwa kasi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kilichofungwa saa kumi na moja alfajiri huliwa saa saba kasorobo mchana, yaani karibu saa nane baadaye. Flaski ijazwe kwanza maji yanayochemka kwa dakika tano, yamwagwe, kisha chakula kitiwe kikiwa kinatoa moshi. Wali wa jana uliolala mezani usitiwe hata ukipashwa moto, kwa sababu sumu iliyotengenezwa na viini vya wali haiharibiwi na moto wa jiko.

Hewa na barabara

Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake yangali yanakua. Huko California, Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata watoto kwa miaka minane na kuonyesha kwamba waliokaa chini ya mita 500 kutoka barabara kuu mapafu yao yalikua kwa kiwango kidogo kuliko ya wale waliokaa mbali zaidi. Basi lililokwama nyuma ya lori la dizeli, madirisha yakiwa wazi, si mahali pa mtoto mwenye pumu kukaa saa tatu kwa siku. Akilazimika, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake au kwa mhudumu wa basi, isiachwe nyumbani "isije ikapotea".

Kuhusu ajali nitasema machache, kwani kila mzazi anaziogopa tayari. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Tangu mwaka 2017 sheria yetu inataka magari ya shule yapakwe rangi ya manjano, lakini rangi haimfungi mtoto kwenye kiti. Ingia ndani ya basi lenyewe. Hesabu viti, hesabu mikanda, kisha uulize watoto wangapi hupanda. Ukisikia kwamba wadogo huketi watatu kwenye viti viwili, umepata jibu lako. Uliza pia ni nani anayetembea hadi kiti cha nyuma kuhakikisha hakuna aliyeachwa akilala, maana joto ndani ya gari lililofungwa juani laweza kupanda zaidi ya nyuzi 20 kwa saa moja.

Kabla ya kuilaumu shule ya zamani

Baadhi ya wazazi huhama kwa sababu mtoto ameshindwa kusoma, wakitumaini kwamba mwalimu mwenye watoto wachache atamfungua akili. Pengine. Lakini kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha, mpime macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao hajui kwamba wenzake wanauona, kwa hiyo halalamiki. Jicho moja likiwa dhaifu, matibabu yake hufaa zaidi kabla ya mtoto kufika miaka saba. Maji yanayokaa nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua hupunguza usikivu bila maumivu yoyote. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi huenda ana tezi zilizovimba nyuma ya pua, na hata akilala saa 11 ataamka amechoka. Damu nayo ipimwe kama imepungua. Miwani huenda ikafanya kazi ambayo mlidhani itafanywa na shule.

Wanaofaidika na shule ya mbali

Wapo. Mtoto mwenye kifafa akiwa katika shule ambayo mwalimu anajua kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni na kutazama saa, yuko salama zaidi kuliko katika shule iliyo karibu ambayo humtoa darasani kwa kuogopa. Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye kisukari anayehitaji mtu wa kumsaidia na sindano, au yule ambaye herufi humchanganya na anahitaji mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Aliyekuwa akionewa na kupigwa na wenzake hata akaanza kuumwa na tumbo kila Jumapili usiku, naye huenda akapona kwa kuhamishwa tu. Kwa watoto kama hawa safari ina maana, na kazi yetu ni kuipunguza makali.

Tahadhari moja ni kwa mwenye selimundu. Baridi ya alfajiri ya mwezi Julai pamoja na kutokunywa maji ni njia ya haraka ya kumletea maumivu makali ya mifupa. Huyu asafiri akiwa amevaa vizito na chupa yake ya maji inywewe, hata kama basi litalazimika kusimama.

Mlivyo na hiari

Mwaka jana walinijia mume na mke pamoja na binti yao wa miaka saba. Mama alitaka binti aendelee na shule ndogo aliyoipenda; baba alichoka kumbeba mtoto aliyelala hadi kwenye basi. "Daktari, wewe tuamulie," mama akasema. Nikamwambia, "Mama, mimi nitawapa hesabu, uamuzi ni wenu." Hawakumhamisha, bali walihamisha nyumba. Waliacha nyumba ya vyumba vitatu wakakodi ya viwili, dakika 25 kutoka shuleni, na fedha walizokuwa wakilipia basi zikaingia kwenye kodi. Baba sasa ndiye mwenye safari ndefu, na mgongo wake ndio unaoletwa kwangu. Si kila familia inayoweza hivyo, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba nyumba nayo yaweza kuhamishwa.

Wanaoniuliza kipimo huwapa hiki, ambacho ni changu na si sheria: kwa mtoto wa chini ya miaka sita, nusu saa kwa safari moja, kwa wa miaka sita hadi kumi na miwili, dakika 45, na saa nzima ikiwa kuna sababu nzito kama zile nilizotaja. Muda upimwe mlangoni hadi mlangoni, siku ya Jumatatu yenye mvua, mtoto akiwa katika basi lile lile. Usiupime kwa gari lako Jumamosi asubuhi ulipokwenda kutazama shule.

Ikiwa mmekwisha kuamua kubaki mbali, zungumzeni na msimamizi wa basi. Mara nyingi mtoto anayechukuliwa wa kwanza asubuhi ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni, kwa sababu tu hakuna aliyeomba mzunguko ugeuzwe. Nguo na mkoba viandaliwe usiku. Mtoto aoge jioni badala ya alfajiri, hapo umempatia dakika 20 za usingizi bila gharama. Yaya apewe ruhusa ya kumlaza saa mbili usiku hata kama wazazi hawajarudi, na wazazi waweke muda wao wa kuwa naye asubuhi ya Jumamosi. Ombeni mwalimu asimpe kazi ya nyumbani ya kupita dakika 20. Na apewe dakika kumi za choo akishafika shuleni, bila kuhitaji kunyoosha mkono mbele ya darasa zima.

Mkiamua kumrudisha karibu na nyumbani, fanyeni hivyo mwanzo wa muhula. Watoto wengi hurudisha usingizi wao ndani ya wiki mbili au tatu, na maumivu ya kichwa ya asubuhi huenda nayo. Choo huchukua muda zaidi, na mara nyingi huhitaji dawa ya kulainisha kwa miezi kadhaa. Kukojoa kitandani huisha polepole. Kukiendelea zaidi ya miezi mitatu, mleteni kwa daktari. Lakini kukiandamana na kiu isiyokwisha na kukonda, msingoje wala msiulaumu umbali. Apimwe sukari siku hiyo hiyo.